Mlima wa Mama Kidoti

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vyombo vya plastiki, palikuwa na ukumbi ambamo watu wazima walipigana vita kila Jumamosi. Walikuja na visanduku vilivyotandikwa sponji ndani, wakavifungua taratibu kama wamebeba mayai, wakatoa askari wa sanamu, wa madini ya risasi, wasiozidi urefu wa kidole gumba. Waliwapanga mezani juu ya vilima vya bandia, wakatupa dadu, wakapima kwa futi ya utepe nani kamfikia nani, na wakigombana waligombania sentimita. Daktari wa meno, mtu mnene mwenye sauti laini, ndiye waliyemwita Jenerali.

Vita vikiisha, aliyefagia uwanja wa mapambano alikuwa Mama Kidoti.

Kidoti mwenyewe hapo ukumbini hakuna aliyewahi kumtia machoni. Alikuwa na miaka mitano kasoro, akiitwa hivyo kwa alama nyeusi iliyokaa juu ya mdomo wake, na aliishi kwa bibi yake mzaa mama, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mama yake alilala na wanawake watatu katika chumba kimoja chenye vitanda vya juu na chini, na mwenye nyumba alikuwa amesema wazi siku ya kwanza: mtoto haingii hapa, hata wa kupita tu. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta kazi akapotea jumla, na huyo tumwache huko huko aliko.

Mara ya mwisho Mama Kidoti alipokwenda kumwona mwanawe, mtoto alijificha nyuma ya sketi ya bibi, akachungulia, akamwamkia kwa adabu kama anavyoamkiwa mgeni. Watu walicheka. Mama naye akacheka. Lakini ndani ya basi la kurudi aligeukia dirishani njia nzima, na abiria wa pembeni alimwuliza kama kuna msiba.

Sasa, siku moja akifagia, alikuta daraja dogo la mbao limekanyagwa na kutupwa kwenye pipa. Alilichukua. Aliliunga kwa vijiti vya kuchokolea meno, akafunika palipovunjika kwa kipande cha trei ya mayai kilicholowekwa kwenye gundi ya mbao, akapaka chai nzito badala ya rangi. Jumamosi iliyofuata akalirudisha mezani bila neno. Wachezaji wakalivusha jeshi zima bila kujua kwamba lilikuwa limekwisha kufa na kufufuka.

Aliyejua ni katibu wa klabu, kwa kuwa ndiye aliyelitupa. Akamwita ofisini, akamwuliza daraja lile nani kalitengeneza. Mama Kidoti alidhani kazi imeota mbawa. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni yeye, alidhani wamelitupa.

"Tulilitupa ndiyo," katibu akasema. "Ndiyo maana nashangaa."

Wakati huo fundi wa meza, yaani yule aliyekuwa akiwatengenezea vilima na vijumba vyao, alikuwa amehamia kwa mwanawe, na chumba chake cha nyuma ya ukumbi kilikuwa kitupu. Kilikuwa na dirisha moja na sinki, na ukutani misumari ya kutundikia nguo. Mama Kidoti alikuwa akikipiga deki kila Jumatatu, na kila mara alipima kwa macho kitanda kingekaa wapi.

Katibu akamweleza kwamba miezi miwili mbele kuna mashindano, na kamati inataka meza mpya: mlima, kijiji kilichobomolewa, na mto. Akiiweza, kazi ya fundi ni yake na chumba ni chake. Mama Kidoti akauliza je, mtoto.

"Mtoto wako kwani atapigana na nani?" katibu akasema. "Mlete."

Kuanzia hapo akawa mtu wa maboksi. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alipitia nyuma ya maduka akikusanya katoni, na lile povu jeupe linalofungiwa televisheni. Wenye maduka wakambatiza Dada Maboksi. Mpishi wa kantini, aliyelala kitanda cha chini yake, alilalamika kwamba siku hizi akigeuka tu usingizini anakumbatia katoni. "Shoga, ukiolewa tena mahari yako ni makaratasi," alimwambia. Hata hivyo huyo huyo ndiye aliyemwekea majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, akamkaushia juani kwenye sinia.

Kwa maana vitu hivyo vyote vilikuwa na kazi yake. Majani ya chai yaliyokauka, yakinyunyizwa juu ya gundi, yanakuwa majani makavu ya porini. Unga wa mbao kutoka kwa seremala, ukichanganywa na rangi ya kijani, ni nyasi. Sponji la vyombo lililochakaa, ukilinyofoanyofoa, ni vichaka. Kuta za kijiji alizikata kwenye povu kwa wembe, kisha akachora tofali moja moja kwa kalamu iliyokwisha wino. Mto aliumimina kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiri siku mbili likauke hadi liwe kama kioo.

Ila roho yake ilikuwa kwenye mlima. Mlima wa zamani wa klabu ulikuwa kama ngazi: kibao juu ya kibao, umepakwa kijani, basi. Mama Kidoti aliuona aibu. Alikulia chini ya mlima, anajua mlima unavyokaa. Akagandisha katoni tabaka kumi na nne, akazinyoa kingo kwa wembe mpaka mteremko ukawa laini kuanzia kileleni hadi mtoni. Akaukandika kwa magazeti yaliyolowa gundi, akachekecha mchanga juu yake. Ulipokauka aliinama akautazama usawa wa jicho, na kwa kitambo kidogo alisahau kwamba yumo ukumbini.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha. Hakuwahi kumshika askari. Ukutani palibandikwa sharti kwa herufi kubwa: askari haguswi ila na mwenyewe. Kila mmoja alipakwa rangi kwa wiki nyingi, hadi mboni za macho, na wengine walimaliza mwezi kwenye farasi mmoja. Alipomwomba katibu amwazimie hata mmoja ajaribie mlima, katibu alitabasamu kama mtu aliyeombwa jino lake. Akamwambia hata yeye mwenyewe hagusi wa mwenzake, apime tu kwa macho.

Mama Kidoti akapima. Aliona kila askari amesimamishwa juu ya kisahani cha duara, na siku moja akifuta meza aliweka kifuniko cha soda kando ya kimoja bila kukigusa. Vilikuwa sawasawa. Basi akakusanya vifuniko thelathini kantini, hilo likawa jeshi lake. Akavipitisha kwenye milango ya kijiji, vikapita. Akavisimamisha darajani, vikatosha. Akavipanga mlimani, juu, katikati, ukingoni, vikakaa. Akaitikisa meza kwa mikono miwili. Hakikuanguka hata kimoja.

Jioni hiyo alimpigia mama yake simu, akamwambia amfungie mtoto nguo. Shangazi anayeishi huko anasafiri kuja mjini mwisho wa mwezi, waje pamoja. Alinunua ndoo ndogo nyekundu ya kuogea, akaiingiza chumba cha nyuma kabla hata hajakabidhiwa ufunguo.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Shuka ilipoondolewa mezani watu walisogea karibu. Mmoja akainama akaunusa mto. Jenerali alizunguka meza nzima, akarudi alipoanzia, akasema kwa ile sauti yake laini kwamba miaka ishirini hajaona meza ya namna hii. Mama Kidoti alikuwa mlangoni na ufagio wake.

Jenerali akafungua kisanduku, akamtoa mshika bendera, akamweka kileleni. Akamwachia.

Askari akasimama kidogo, kisha akaanza kuteleza, taratibu kwanza, kama anayefikiria. Akapiga mwamba, akapinduka, akatua mtoni kichwa chini. Bendera ilikatika. Watu wakacheka, Jenerali naye akacheka, akamweka wa pili chini kidogo. Naye akateleza. Wa tatu alipovunjika mkono hakuna aliyecheka tena.

Mama Kidoti aliona kosa lake papo hapo, kabla hawajaliona wao. Kifuniko cha soda kina meno. Vile vifuniko vyake viliuma mchanga, vikashika. Kisahani cha askari chini ni laini, na askari ni wa risasi, mzito juu. Ule mlima wa zamani aliouona aibu ulikuwa ngazi kwa sababu askari hana miguu; ana kisahani, na kisahani kinataka mahali tambarare.

Hawakumgombeza. Laiti wangemgombeza. Walishika meza pembe nne, wakaiegesha ukutani kwa heshima, wakarudisha vibao vya zamani, mchezo ukaanza.

Alimfuata katibu kwenye ngazi, akamwomba wiki moja, atakata hatua kwenye mteremko, hata mia. Kisha likamtoka alilokuwa amelibana kifuani.

"Ningepewa hata mmoja tu wa kujaribia, katibu."

Katibu akajishika kidevu. "Kweli," akasema. "Hapo kosa ni letu."

Akasema hivyo, na akamaanisha. Lakini Jumatatu Mama Kidoti alikata hatua kwenye mlima wote kwa wembe, akaziba, akanyunyiza nyasi upya, na alipomwita kuona, katibu alisifu tena sana, kisha akamweleza kwamba kamati imeshaagiza vilima vya plastiki vya kiwandani, vinakuja na maboksi yao. Chumba cha nyuma ndicho kitakachokuwa stoo. Akamwomba, akipata nafasi, akipige deki kabla mzigo haujafika.

Akakipiga deki. Ile ndoo nyekundu akampa mpishi wa kantini, naye mpishi, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, safari hii aliipokea tu, akaisukuma chini ya kitanda.

Bibi wa Kidoti alipokea simu kwa furaha, akaanza kueleza jinsi mtoto alivyolala na begi pembeni siku mbili, hataki liguswe. Mama Kidoti alimwacha amalize. Kisha akamwambia asimpe shangazi mtoto, chumba hakikupatikana. Alijikaza, akalisema mara moja bila kukata.

Bibi akasema si neno, na kwa kuwa shule zinafungua, afadhali amwandikishe huko huko, maana mtoto hawezi kukaa akisubiri.

"Mwandikishe, mama."

"Fomu ninayo hapa. Wanataka jina la mzazi atakayekuwa akiitwa shuleni." Karatasi ilisikika ikikunjuliwa. "Niandike la nani?"

Ukumbini walikuwa wakisogeza viti.

"Andika lako, mama," akasema.