Mwaka Baba Alipoacha Kusoma kwa Sauti

Kila Jumapili tukitoka kanisani, baba alituletea gazeti uani, katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaani Huruma. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma kiwandani, mtu wa magharibi mwa nchi mwenye sauti nzito. Alilipitia lile gazeti la Kiingereza kimoyomoyo, kisha akalisoma kwa sauti kwa Kiswahili, na majirani wakasikiliza huku wakifua. Redio ilikuwa ya serikali. Mengi ambayo haikuyasema, tuliyapata kwa baba.

Uchaguzi wa vyama vingi ulipokuwa unakaribia, wanaume wawili walimkuta mlangoni mchana kweupe akisoma jarida lililopigwa marufuku. Wakamchukua pamoja nalo. Mama alizunguka vituo vya polisi, na kila alikofika aliambiwa hawamjui mtu huyo.

Baba alirudi wiki iliyofuata. Alikanyagia visigino, kwa maana nyayo zilikuwa zimevimba kwa kipigo, hazigusiki. Akasema tu, "Nipashieni maji."

Jumapili majirani wakatoka uani kama kawaida, wakangoja. Baba hakuinuka kitandani. Mama akanipa gazeti. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, bado sina kazi.

"Soma wewe."

"Na wakija, mama?"

"Hili linauzwa barabarani. Soma."

Nilisoma kwa Kiswahili, kama baba. Habari ilihusu kura ya siri. Jirani yetu muuza mboga, mama mzee kutoka Murang'a, akanikatiza.

"Ngoja, mwanangu. Mara ile tulipiga kura ya mlolongo, kila mtu nyuma ya aliyemtaka. Nilionekana niliposimama, na kibanda changu kikabomolewa. Safari hii hawatajua?"

Nililitazama gazeti. Nikafunua ukurasa wa pili. Ndipo sauti ya baba ikatoka nyuma ya pazia, ikikwaruza.

"Hawatajua. Karatasi haiandikwi jina lako. Unaingia peke yako, unaweka alama, unaikunja, unaitumbukiza sandukuni. Ukitoka, usimwambie mtu."

"Una hakika, Baba?" muuza mboga akauliza.

"Nina hakika."

Kwangu lile lilikuwa jambo kubwa, kwamba mtu aliyetendewa hayo aliweza bado kumtoa mwenzake hofu.

Siku ya kura tulipanga foleni kabla ya jua kuchomoza. Baba alifika akimwegemea mama. Muuza mboga alitangulia kuingia, akakawia, akatoka akijifunga leso upya. Mama akamnong'oneza, "Umempa nani?"

"Hiyo ni yangu," akajibu, na hakucheka.

Matokeo yalipotangazwa, rais aliyekuwa juu alibaki juu. Siku ile hata watoto wa ploti walikemewa wasipige kelele. Baba hakusoma tena kwa sauti maisha yake yote, wala hakutuambia alikopelekwa. Jumapili niliendelea mimi. Nikikosea neno, alilisahihisha kutoka ndani, taratibu.