Aliyempikia Mume Wangu Korongoni

Mimi si mtu wa kueneza habari za mizimu. Nimewakemea wengi kwa tabia hiyo. Hili nalisimulia kwa kuwa lilinifika mwenyewe, jua likiwa bado juu, nami nikiwa na akili zangu timamu. Asiyetaka kuamini, na asiamini.

Mume wangu, Saidi, alinioa akiwa mgane mwenye binti mmoja, Rehema. Mkewe wa kwanza, Mwanahawa, alikuwa amefariki kwa homa. Likizo ile Saidi alitandika magodoro nyuma ya kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, akafunga turubai, tukatoka Nachingwea kupitia Ruponda, tukaipita Namungo, hadi kwenye makorongo ambako hata simu hukosa mtandao. Alitaka tutembee kama familia. Nami nilitaka, wala sifichi, siku chache ambazo jina la Mwanahawa lisingetajwa. Nyumbani lilitajwa kila sahani ilipotua mkekani.

Alasiri tulipiga kambi juu ya mto mkavu. Nilimwacha Saidi amejilaza kivulini na Rehema akicheza kando yake, nikashuka na ndoo kufukua maji mchangani. Shimo nililikuta limekwisha kufukuliwa. Kando yake aliketi mwanamke akichota kwa kata, taratibu, kama mwenye mji.

"Karibu, mke mwenzangu," alisema. "Mbona umekonda hivyo? Mimi kwake nilinenepa."

Nilimjibu kwa ukali kwamba mume wangu hana mke mwingine.

"Mume wako?" Akacheka. "Mjomba wangu wa Nambambo alimnyoa lini? Nani alikukabidhi?"

Nielewe vizuri, msomaji. Katika ukoo wa Mwanahawa, mwanamume aliyefiwa haoi mpaka ndugu za marehemu, wakiongozwa na mjomba wake, wamnyoe nywele na kumtamkia kwamba yu huru. Mimi nilihamia Nachingwea nikiwa mtu mzima, na Saidi hakuwahi kunieleza. Aliona ndoa ya msikitini imetosha.

"Pumzika," yule mwanamke alisema akiinuka. "Leo nampikia mimi."

Akapinda nyuma ya jabali. Nilimfuata, nikakuta ukuta mtupu wa mwamba, na mchangani hapakuwa na unyayo ila wangu. Je, wewe ungefanya nini? Niliiacha ndoo, nikapanda mbio.

Saidi alikuwa akimalizia ugali wa muhogo kwa kisamvu kilichotiwa ufuta, chakula ambacho hatukukibeba. Alinitazama kwa furaha ambayo sikupata kuiona tangu anioe.

"Leo umepatia, mke wangu."

Nywele za Rehema, nilizoziacha timutimu, zilikuwa zimesukwa.

"Nani amekusuka?"

"Mama," alijibu. Mimi huniita mama mdogo.

Saidi alilirudisha tonge sahanini. Nilimsimulia maneno ya yule mwanamke, tukakunja turubai, tukaenda moja kwa moja Nambambo. Mjomba wa marehemu alitusikiliza hadi mwisho, akawaita ndugu zake, akatoa wembe.

"Mkwe, ulikimbilia nini, na sisi tupo?" alimwuliza Saidi. "Haya. Nikishakunyoa, mtoto wetu si mkeo tena. Unataka kumwacha?"

Saidi alinyamaza. Niamini, alinyamaza mpaka wanawake wakaanza kutazama chini, na mjomba akaushusha mkono uliochoka kushika wembe. Nilikuwa nimeketi mbele yake. Niliyaona macho yake yakimtafuta mtu, na mtu huyo hakuwa mimi.

"Ndiyo, baba," alisema hatimaye.

Tangu hapo Mwanahawa hajatutokea, na jina lake halitajwi mkekani. Saidi ni mume mwema. Hula ninachopika na kushukuru. Lakini kila anaponyamaza, hata akiwa anatafuta funguo tu, moyo wangu huenda mbio.

Basi wewe unayeposwa na mgane, usiulize mahari kwanza. Uliza kama wakwe zake wamemfungua, na kama bado, mpeleke upesi anyolewe. Ila siku hiyo, wewe usiende.