Chipsi Zisizotaka Chumvi

Ukimuuliza Bi Mwavita wa Ujiji binti yake anafanya kazi gani, atakujibu bila kupepesa macho: "Kuruthumu wangu anatengeneza dawa ya chipsi." Usicheke. Kuruthumu alishamweleza mara chungu nzima kwamba ni chipu, si chipsi. Ni vile vidude vidogo vinavyokaa ndani ya simu, na kiwanda chao kule Zoni, ndani ya uzio wa viwanda vya bidhaa za kupeleka nje, kinatengeneza dawa ya kuvioshea. Bi Mwavita akaitikia, "Ehee, za simu," kisha akaenda kuwaambia majirani ni za kukaanga.

Na tuseme kweli, hata Kuruthumu mwenyewe hakuwa ameelewa sana. Dawa yenyewe ni kama maji tu. Unavaa nguo nyeupe juu mpaka chini, kofia juu ya mtandio, barakoa, glavu, yanabaki macho tu, ndipo uijaze kwenye madumu. Halafu mashine inaionja. Ikisema chafu, dumu zima linarudishwa, hata kama wewe huoni kitu. Na siku hizo, kila zamu ya Kuruthumu, mashine ilikuwa inasema chafu.

"Kuna chumvi," alisema msimamizi wake, Erasto, Muha wa Kasulu mwenye huruma lakini mwoga wa wakubwa. "Chumvi ni sumu ya chipu. Chembe tu inaziua."

"Chumvi itoke wapi, kaka Erasto? Kwani nakuja hapa kupika?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, dada. Ijumaa ikitoka chafu tena, wanakuondoa. Sitaweza kukutetea."

Jamani, alichanganyikiwa huyo! Kazi ile aliipata baada ya kuachika, wakati mtaa mzima unamwita mwenye mkosi. Ndiyo iliyomrudisha kutembea kichwa juu. Basi akaoga mpaka ngozi ikawasha. Akaacha dagaa asubuhi, akaacha mafuta ya kujipaka. Wapi! Mashine ikashikilia lake. Akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni Leonia, mwenzake wa zamu, na Leonia huyo huyo akamvuta getini: "Shoga, kikulacho ki nguoni mwako. Watazame watu wako." Maneno yakazidi kumkoroga. Kama ni Leonia, angemwonya? Na kama si Leonia, ni nani?

Akafika nyumbani analia. Mama yake akampokea mkoba.

"Hiyo ni husuda, mwanangu. Wamekuona umesimama. Niachie mimi."

"Mama, wanasema kuna chumvi kwenye dawa."

"Chipsi gani hizo zisizotaka chumvi? Loo, na hao wageni wenye kiwanda nao!"

Ijumaa asubuhi Kuruthumu alitoka uani kuchukua mtandio wake wa kazini kambani. Haupo. Mama yake alikuwa ameinamia beseni, mtandio umo ndani, anamimina chumvi ya Uvinza kwa kiganja huku midomo ikicheza dua.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nakukinga. Marehemu bibi yako alitufulia hivi sote, na jicho la mtu halikutupata. Tangu majirani waanze kukukodolea macho nakufulia hivi, na kila ukirudi unalia, mie naongeza. Leo nimetia ya kutosha."

Kuruthumu akakaa chini palepale kwenye tope. Kila siku aliufunga mtandio ule kwa mikono yake, na kwa mikono hiyohiyo akashika kofia, akashika glavu. Ki nguoni mwako! Akamwonea Leonia haya. Alitaka kupiga kelele, alitaka kucheka, alitaka kumkumbatia mama yake, na hakujua aanze na lipi.

"Mama," alisema mwishowe, "chumvi wanayoitafuta ndiyo hiyo."

Bi Mwavita akalitazama beseni, kisha viganja vyake.

"Ni mimi? Mimi ndiye nakufukuzisha kazi?"

Hakungoja jibu. Akaingia ndani, akafungua sanduku, akarudi na mtandio wake mwenyewe aliouweka kwa ajili ya Idi, mpya, haujaguswa na maji. Akamwekea bintiye begani, wala hakusoma dua yoyote, kwa kuogopa.

Mchana ule mashine ilionja. Erasto akatazama kioo cha mashine, akafuta macho, akatazama tena.

"Safi," akasema. "Umefanyaje?"

"Hata sijui nikueleze vipi, kaka."

Bi Mwavita alikuwa akimngoja mlangoni tangu alasiri. Kuruthumu alipomwona, machozi ya furaha yakamtoka, akainua ncha ya mtandio ayafute. Mama yake akamrukia, akaunyakua.

"Weee! Usifutie hapo! Machozi nayo yana chumvi."