Mkono wa Pole Uliozidi

Mawe ya nyongo niliyotolewa yalikuwa madogo kama punje za kunde. Daktari aliniwekea kwenye kichupa, nikayainua kwenye mwanga wa dirisha, na kusema kweli nikayaonea huruma. Nilipofika chumbani kwangu Xiaobei, mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, yalikuwa yameshakuwa mayai ya kuku. Jumapili ya kwanza, wenzangu walipokuja kunitazama na chupa ya uji, nilikuwa nimeyafikisha ukubwa wa mafiga. Dada mmoja alishika mdomo akauliza, "Na yote yalikaa humo humo tumboni?" Nikamwambia, mwenzangu, nilikuwa na jiko zima humu, lilikosa sufuria tu.

Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni pale Moshi, nikiwa tayari mama wa watoto wawili na mwenye duka la nguo. Mwalimu wa Kiswahili aliniandikia kwenye insha kwamba chumvi niliyoitia ingetosha kukaushia samaki wote wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Nikaichukua kuwa ni sifa.

Nilikuwa nimekuja Guangzhou kununua mzigo, na ugonjwa ukanikuta huko huko. Sikuwa peke yangu. Tulikuwa na chama, Watanzania na Wakenya tunaoishi mjini pale miezi kwa miezi tukifukuzana na makontena. Kila mmoja alikuwa anatoa chake kila mwezi. Ukiugua, chama kinakupa mkono wa pole kila wiki mpaka upone. Ukifa, chama kinakurudisha kwenu. Hilo la pili ndilo lililotushika wote. Ugenini mtu huvumilia mengi, lakini hakuna anayelala vizuri akiwaza kwamba iko siku atawekwa kwenye droo la baridi la mochwari, na asiwepo mtu wa kusimama mlangoni akasema huyu ni wetu, tupeni.

Basi nikaugua kwa raha zangu. Ulikuwa ule msimu wa mji kutoka jasho. Mvua hainyeshi wala jua halitoki, bali kuta zenyewe zinalia, sakafu inateleza kama imepakwa mlenda, na shuka uliyoianika Jumatatu unaianua Ijumaa ikiwa imelowa zaidi. Nililala ghorofa ya tisa, dirisha wazi, nikisikia barabara ya Huanshi Zhonglu ikivuma chini kama mto. Dawa zilikuwa zinanipeleka na kunirudisha. Mara niko Guangzhou, mara niko mgombani kwa mama, mara migomba imeota kando ya barabara za juu, na Wachina wanapita chini yake na miavuli wakinisalimia kwa Kichaga safi. Kulikuwa na mti mkubwa uani usio na jani hata moja, una maua mekundu tu, mazito, ukisikia moja limeanguka unadhani mtu amedondosha embe. Vikongwe wa jengo letu walikuwa wanayaokota na kuyaanika kwenye ungo, ya supu. Nilikuwa nawatazama kutwa. Siku nyingine sikujua kama ni wao wanaookota maua au ni mimi ninayeokotwa.

Kila Jumapili jioni mwenyekiti wetu alinipigia simu. Mama wa Mombasa, mwenye mgahawa mdogo wa ghorofani kando ya barabara hiyo hiyo, sauti yake nzito na tamu kama tui la kwanza.

"Waendeleaje, mwanangu?"

"Afadhali kidogo, mama. Tunamshukuru Mungu."

"Haya. Pole. Allah atakushika mkono."

Na Jumatatu mkono wa pole unaingia kwenye simu.

Sasa, kwetu mgonjwa hasemi nimepona. Nani alikufundisha kuugua namna hiyo? Ukisema umepona, umejigamba, na ugonjwa uko pale nyuma ya mlango unasikiliza. Mgonjwa husema afadhali kidogo hata akiwa analima. Kupona kwake kunaonekana na watu wenyewe, wanaacha kuja na uji, basi. Na mkono wa pole nao haurudishwi. Kumrudishia mtu pole yake ni kumwambia chukua huruma yako, sikuitaka. Kwa hiyo hela zikaendelea kuingia na mimi nikaendelea kuwa afadhali kidogo. Niliziona. Siwezi kusema sikuziona. Lakini niliziona kama nilivyoyaona yale maua, vitu vinavyoanguka vyenyewe, na nikadhani wenye chama wanajua wanachokifanya.

Hapo ndipo mtani wangu alipoingia.

Yeye ni Mpare, wa Same, muuza vipuri vya simu. Mimi ni Mchaga. Wapare na Wachaga ni watani, na kwetu mtani ana ruhusa ya kukuita mwizi mbele ya mkweo, ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Tangu tujuane hajawahi kuniita kwa jina la ubatizo. Asubuhi moja alinikuta Shahe, kwenye yale majengo ya nguo za jumla, nimelikumbatia robota la masweta ya shule nalipandisha kwenye toroli. Akanipiga picha. Akaituma kwenye kikundi cha chama na maneno haya: "Mwenye mgonjwa wake aje amchukue, huku anabeba kuliko punda. Mchaga hata nyongo anaifanyia biashara!"

Nilicheka mpaka mshono ukanikumbusha upo. Kisha nikabonyeza simu, nikamjibu kwa sauti, kama mtani anavyojibiwa.

"Wewe Mpare, nyamaza, usiniharibie riziki. Ndiyo, nakula hela za chama na bado sijashiba! Nilipona zamani, naugua kwa ajili ya posho. Na mwezi ujao naugua figo, bei nimeshapatana na daktari."

Nikasubiri vicheko. Kikundi kikakaa kimya. Kimya cha kikundi cha simu ni kitu cha ajabu, unaona watu wamesoma, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaopita mbele ya jeneza. Jioni ujumbe mmoja tu uliingia, wa mwenyekiti: "Bibie, Jumatano alasiri njoo mgahawani. Una maneno ya kujibu."

Niliyasoma nikiwa nimelala, na kitanda kikaanza kuelea. Kufutwa chama halikuwa jambo la kutozwa faini ukasahau. Aliyefutwa hakuna wa kuchanganya naye kontena, na usiku akibanwa hakuna wa kumpeleka hospitali akamsemea. Akifa, ni lile droo. Usiku ule niliota naliona, limefunguka nusu, ndani limetandikwa vizuri sana.

Jumatano wateja wa mchana walikuwa wameshaondoka, meza zimefutwa, harufu ya iliki imebaki. Kamati ilikaa upande mmoja: mwenyekiti, na mweka hazina wetu, mwanaume wa Nairobi mwenye miwani, mtu wa hesabu na maneno machache. Wanachama wengine walijibanza huku na huku. Mtani wangu alikaa pembeni, amevaa shati la kanisani, jambo lililonitisha kuliko yote.

Mweka hazina hakunisalimia. Aliweka simu mezani, akabonyeza, na sauti yangu ikatoka. *Nakula hela za chama na bado sijashiba.* Nilipoirekodi ilikuwa sauti ya mtu anayefurahi. Pale mezani, katikati ya bakuli za pilipili, ilicheka peke yake, na hapakuwa na wa kuisaidia.

"Madam," akasema, "hii ni wewe?"

"Ni mimi, kaka. Lakini ni utani."

"Utani wa nini? Umesema ulipona kitambo, na sisi tumekuwa tukituma doo kila wiki. Hiyo kwetu inaitwa kukula chama."

Mtani akainuka. "Mwenyekiti, kosa ni langu. Huyu mimi namwita mwizi tangu siku ya kwanza niliyomjua. Ndiyo kazi yangu. Akifa, mimi ndiye nitakayelala kwenye kaburi lake nikatae asizikwe mpaka nilipwe. Na yeye kwangu hivyo hivyo."

"Hii imekuwa court ama ni comedy?" akauliza mweka hazina.

"Ngoja," akasema mwenyekiti. "Utani naujua. Hata Pwani twatania. Lakini hela si utani, baba. Hela za watu ziliingia kwake. Bibie, kila Jumapili nakuuliza mimi, kwa mdomo wangu. Waniambia nini?"

"Afadhali kidogo, mama."

"Na picha yaonyesha wabeba robota."

"Ndiyo, mama."

"Hebu nambie basi. Ulipona siku gani?"

Ningeweza kujibu swali lolote isipokuwa hilo. Siku gani? Nilirudi nyuma kulitafuta jibu kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na kila nilipogusa palikuwa pamelowa, siku zimeshikana kama zile shuka. Watu wanadhani kupona ni mlango. Unalala mgonjwa, unaamka mzima, unafunga nyuma yako. Mimi nilikuta ni kama ule ukungu wa mtoni asubuhi, huoni unapoondoka. Unashtukia tu ng'ambo ya pili ina majengo.

Mweka hazina akagonga meza kwa kalamu. "Tuseme ni siku ya picha. Tuhesabu kutoka hapo, arudishe, tupige kura. Ni wiki kidogo tu."

Ilikuwa nafuu. Wote tuliiona kuwa ni nafuu, mtani akanikonyeza niipokee. Na ndipo, sijui kwa nini, nikaikumbuka Kangle.

Nilikuwa nimekwenda huko kukagua masweta yangu. Kangle ni kijiji kilichomezwa na mji, vichochoro vyembamba kiasi kwamba jua linaingia kwa zamu, na kila mlango ni karakana ya kushona. Vyerehani vilikuwa vinalia kutoka chini mpaka juu, na vumbi la nyuzi lilikuwa linashuka taratibu, jeupe, likinitua mabegani. Nilisimama pale nikadhani dawa zimenirudia. Mwanamke mwenye karakana, tuliyezoea kumwita laoban, bosi, alinitazama, akaniondolea nyuzi kwenye nywele kama mtoto, akanivutia kigoda, akanipa bakuli la tambi lenye mbavu za nguruwe, mafuta yakiogelea juu kama sarafu. Tangu nyongo initende nilikuwa nayakimbia mafuta kama polisi wa vibali vya kuishi. Nikala. Kisha nikakaa kuyasubiri maumivu, mikono magotini, kama unavyomsubiri mgeni aliyesema atakuja. Vyerehani vililia, nyuzi zikashuka. Hayakuja. Nikaomba bakuli la pili.

Nikawasimulia hivyo hivyo. Sikuongeza mbavu wala bakuli, nikashangaa jinsi jambo linavyokuwa dogo likisemwa kwa ukubwa wake.

"Kwa hiyo ni siku ile," nikasema. "Nadhani ndiyo siku niliyopona."

Mweka hazina akavua miwani. "Madam, hiyo ni kabla ya picha. Mbali sana kabla."

"Najua."

"Unaelewa inafanya deni liwe mob zaidi?"

"Naelewa, kaka. Mlianza kunilisha mkiwa sahihi, mkaendelea mimi nikiwa nimeshiba. Kwetu hatusemi nimepona. Mama mwenyekiti hakuniuliza kama bado naumwa, aliniuliza naendeleaje, na mimi nikajibu kama nilivyofundishwa na mama yangu. Lakini nilikula bakuli mbili."

Mwenyekiti akaniambia nitoke nje, wapige kura.

Nilikaa kwenye ngazi. Chini, mlangoni, mzee mmoja wa Kichina alikuwa amelala kwenye kiti cha mwanzi huku akijipepea bila kuamka. Barabara ya juu ilipita usawa wa macho yangu, kingo zake zimejaa maua ya zambarau, na magari yalikuwa yanapita katikati ya maua bila kelele, au labda kelele zilikuwepo na mimi ndiye sikuwepo. Niliwaza mambo ya kipuuzi. Niliwaza kwamba wakinifuta nitahamia ndani ya lile bakuli la tambi. Niliwaza mama yangu akiambiwa kanisani. Ndani sauti zilipanda, ya Nairobi, ya Same, ya Mombasa, kisha ya Mombasa peke yake.

Mlango ulifunguka. Mwenyekiti alisimama pale, kanga begani, ameshika mwiko.

"Utarudisha kutoka siku ya hizo tambi," akasema. "Kidogo kidogo, ukiuza. Ya kwenu yaache kwenu; ukiulizwa na chama, utajibu ndiyo au la. Na nyote wawili, utani kwenye simu ya chama, marufuku. Mtaniua kwa presha."

"Na mimi, mama? Nimo?"

"Wali wapoa, bibie. Aliyefukuzwa hapakuliwi."

Nikaingia. Mweka hazina, bila kuniangalia, alisogeza kiti chake kutoa nafasi. Mtani wangu alikuwa ameketi wima kwenye shati lake la kanisani, akanisogezea bakuli la pilipili kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa, akasema, "Karibu, dada." Dada! Ilinikata kuliko kisu cha daktari. Tukala pilau, sote kimya, kama wakwe.