Bukuru Yupi?

Nakumbuka siku moja, kabla hujazaliwa na kabla mtu yeyote hajaniita bibi, nilituma hela za kikundi kwa mtu nisiyemjua, tena mchana kweupe, nimesimama na macho yangu mawili.

Mwanangu, tulikuwa wanawake sita wa Gungu, hapa Kigoma, tunakamua mawese. Ngazi za michikichi, yale mashada ya chikichi, tulinunua kwa mzee mmoja wa Simbo anayeitwa Bukuru. Hela ilikaa kwangu kwa sababu nilikuwa mkali. Shule niliishia darasa la tatu, lakini shilingi ya mtu haikuwahi kunipotea, na hilo nilikuwa nalisema kila mahali.

Nikaenda kwa wakala wa benki, dada mmoja mpole.

"Nitumie kwa Bukuru. Namba unayo, mwezi uliopita nilimtumia hapahapa."

"Bukuru yupi, mama?"

"Kwani wewe unao wangapi? Tuma, wenzangu wananingoja."

Akanisomea jina kwenye kimashine chake: Bukuru, na jina la pili. La pili sikulisikiliza. Nilisema ndiye huyohuyo, nikachukua risiti, nikaondoka.

Sasa wewe ni wa hapa, unajua. Mwanamke wa Kiha akizaa mapacha, wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Toyi, awe wa kike awe wa kiume, hakuna kuchagua. Akina Bukuru wamejaa mji mzima. Nami niliyezaliwa humuhumu nikataja Bukuru kana kwamba Mungu aliumba mmoja tu.

Jioni mzee wa Simbo akapiga simu. "Mama Neema, ngazi nimeshakata, hela sijaiona. Kesho mchana nawapa watu wa Ujiji."

Ile hela ndiyo ilikuwa yote tuliyokuwa nayo. Ikipotea, kikundi kimekufa, na wanawake watano watasema nimeila.

Kwa wakala sikurudi. Nilipanda bodaboda mpaka Bangwe, kwa Bukuru muuza dagaa. Yeye naye alikuwa akipokelea hela zake kwa wakala yuleyule, na kichwani mwangu hapakuwa na Bukuru mwingine. Nilimkuta anahudumia wateja. Hata mwakeye haikunitoka, na ujue kwetu kupita bila salamu ni tusi tayari.

"Bukuru, hela za watu ulizozila zimekaa vizuri tumboni?"

Akacheka, akadhani utani. "Mama Neema, leo mawese umeyanywa?"

Nikamwita mwizi. Nililisema mara mbili, wateja wanasikia. Kicheko kikakatika.

Mama yake alikuwa ameketi pembeni anachambua dagaa. Akajifuta mikono, akainuka polepole. Aliyezaa mapacha kwetu ana heshima yake, haropokewi, nami nilikuwa nimesharopoka.

"Nilizaa wawili siku moja," akasema. "Jina la huyu sikulichagua. Kigoma hii utawatukana akina Bukuru wangapi mpaka umfikie wako? Hela uliipa benki, hukumpa mwanangu. Risiti iko wapi?"

Ilikuwa kwenye pindo la khanga.

"Basi nenda nayo huko. Ukimaliza, urudi hapa, na wateja wangu wawepo."

Asubuhi nilimpitia wakala, tukafika benki kabla hawajafungua. Karani akasoma risiti, akaniambia bila kuzungusha: benki haichomoi hela kwenye akaunti ya mtu eti kwa sababu mimi nimekosea. Wataizuia isitolewe, watampigia mwenyewe, na akikubali ndipo irudi. Wakampigia palepale. Kumbe ni Bukuru wa Kasulu. Pacha wake, Toyi, anaishi Gungu na humtumia hela kwa wakala huyohuyo. Huyo wa Kasulu alikuwa ameshatoa kidogo akanunua mbolea.

Hakubisha. "Hata mimi nilishangaa," akasema. "Toyi ninayemjua hana mkono mkubwa hivyo."

Mzee wa Simbo nilimpigia nikiwa mbele ya karani, karani akamweleza. Akatushikia nusu ya ngazi, nusu ikaenda Ujiji, na faida yake ikaenda nayo. Hela yetu ilirudi baada ya siku chache. Ile ya mbolea, Bukuru wa Kasulu aliilipa alipovuna mahindi.

Kurudi Bangwe ndiko kulikonipa kazi. Niliisogeza siku, nikaisogeza tena. Nilipokwenda nilisimama palepale, nikasema kwa sauti ileile kwamba huyu si mwizi, ni mimi niliyetaja jina nusu. Mama yake akanipa kigoda nikae. Bukuru alinisamehe. Lakini mteja wake mmoja mkubwa hakurudi tena, na huyo hakuna karani wa kumrudisha.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukituma hela, sikiliza majina yote na namba yote mpaka mwisho, hata kama foleni nyuma yako inaguna. Risiti usiitupe. Hela ikipotea njia, wahi kwa wakala na benki siku hiyohiyo, useme kosa ni lako kama ni lako. Na usimwite mtu mwizi kwa jina analogawana na nusu ya mji.

Mungu akupe hela ya kutuma na watu wa kuipokea. Na siku mkono wako utakapokosea, aiangushe hela yako kwa mtu kama yule wa Kasulu.