Kilichoituliza Amplifaya ya Bwana Harusi

Mimi ni fundi wa redio za magari hapa Muyeye, na leo natubu mbele yenu. Juzi Salimu aliniletea gari lake nimfungie amplifaya kwenye buti, ili aende Gede kuoa kwa muziki.

Kila mteja mimi humwambia, usiikaze juu ya bati tupu, mtikisiko utang'oa waya. Weka mpira chini yake. Siku hiyo mpira uliniishia. Humo butini nikaona nguo nzito nyeusi, imekunjwa vizuri. Ukingoni palimeta uzi wa dhahabu. Nikawaza, watu hawa hata blanketi kuukuu lina urembo! Nikalitandika, nikapitisha skrubu nne, nikakaza kwa nguvu zangu zote.

Safari ya Gede nami nilikuwemo garini, na njia nzima muziki ulilia safi, hata kwenye mashimo.

"Mwaisikia kazi ya fundi?" nikajigamba.

Tulipofika mlangoni kwa bibi harusi, vigelegele vikapanda. Shangazi yake Salimu akanigeukia kwa upole.

"Mwanangu, hebu fungua buti umtolee bwana harusi joho lake."

Nikafungua. Nilichoweza kumjibu ni kuomba bisibisi.