Kumleta Dada Sekela kwa Gari Iliyoshushwa

Dada yangu Sekela alivunjika nyonga akitoka kuchota maji kule Idodi, kwenye njia ya kwenda mbugani Ruaha. Hospitali wakamtia vyuma, akapona kiasi cha kutembea na fimbo. Daktari akamwambia: kusafiri unaweza, mama, ila usirushwerushwe. Mumewe alishatangulia, watoto wake wote wako Mbeya, na pale Idodi alibaki na kuku na mashemeji. Kwetu tunasema mjane aliyeolewa mbali hafuatwi na watoto wake, anafuatwa na kaka yake. Kaka aliyebaki ni mimi. Ndiyo sababu ya safari. Si kutembea, mimi kutembea nilishaacha.

Gari ni ya mpwa wangu Ambakisye, mtoto wa Sekela. Pikapu nzuri kabisa, ila ameishusha. Kwa ambaye hajaona: vijana wanapachika vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, ule mti wa chuma unaobeba magurudumu ya nyuma, basi gari inakaa chini chini kama paka anayevizia panya. Ukimuuliza faida yake anakwambia, "Mjomba, ni mwonekano." Sawa. Ujana wetu sisi tulivaa suruali zinazofagia barabara, nani atamcheka mwenzake.

Asubuhi, Soweto, Mbeya. Nikapakia magunia ya viazi na mfuko wa mchele, maana huwezi kwenda kumchukua dada yako kwa watu waliomtunza huku unapunga mikono tu. Ambakisye akainama kutazama nyuma.

"Mjomba, itagusa."

"Gari tupu ndiyo inayoruka," nikamwambia. "Mzigo unaituliza. Waulize wenye malori."

Hilo nalijua tangu siku nyingi, na kila mtu huku analijua: pikapu ikirukaruka, tupa mifuko ya mchanga nyuma, itatembea kwa adabu. Akapanda, akawasha gari. Mjomba habishiwi asubuhi.

Uyole, tuta la kwanza. Ko! Si mtikisiko, jamani, ni nyundo. Chuma kwa chuma, mpaka meno yangu yaliyobaki yakasalimiana. Tuta la pili, ko! Nikasema gari bado nyepesi. Tulipofika Igurusi, mwanamke mmoja wa zile familia zilizohamia na ng'ombe kutoka kaskazini akawa anauza mchele wa Usangu, mweupe, unanukia. Nikaongeza gunia. Tukapigana maneno ya bei kwa Kiswahili ambacho mimi na yeye wote tulijifunzia ukubwani, tukacheka, akaniongezea kibakuli.

Kutoka hapo ikawa balaa. Hapakuhitajika tena tuta. Lami ikibonyea kidogo tu, ko! Igawa Ambakisye akapunguza mwendo. Nilijua anachowaza kwa kuwa na mimi nilikuwa nawaza hicho hicho. Mwisho akasema:

"Mjomba, mama hawezi kupanda hii gari."

Mchana, Makambako. Baridi yake ile inayoingia kwenye mikono ya koti. Tukaelekezwa kwa fundi mmoja, Yona, mtu wa Kibena mwenye kofia ya sufu. Akaingia uvunguni, akatoka, akaingia tena. Akamuuliza Ambakisye: "Mpira wako uko wapi? Ule unaokaa chini ya chesisi, ekseli ikipanda iegemee pale."

"Nilipoishusha ukawa unagusa muda wote. Nikautoa usinisumbue."

"Ukatoa mto, ukabaki na ukuta." Kisha akayaona magunia. "Na hivi?"

"Vya kuituliza," nikasema.

Yona akacheka mpaka akashika bodi. "Mzee wangu, gari iliyonyanyuka ndiyo unaituliza. Hii imeshalala, wewe unaikalia." Akaniinamisha nione. Kati ya ekseli na chesisi, ile fremu inayobeba bodi, vidole vyangu viwili viliingia kwa shida. Hapo ndipo gari ilipokuwa na ruhusa ya kushuka, na mimi nimepajaza viazi.

Akasema atafanya hivi: mpira wa zamani ni mrefu na mgumu, hauwafai walioshuka. Ataweka mfupi, wa ile sponji ngumu inayokaa kwenye shokapu za mbele za magari madogo, wenye ncha nyembamba, ili ubonyee polepole badala ya kukupiga kofi. Na shokapu za nyuma ataweka fupi, kwa kuwa zile ndefu zilikuwa zinafika mwisho zenyewe na kugonga. Cha tatu, akasema, toa chuma kimoja. Kila upande vilikuwa viwili vimepandana.

"Vyuma hapana," Ambakisye akakataa. "Si nitakuwa nimebaki na gari ya kubebea mbolea?"

Kazi ikafanyika bila kugusa vyuma. Sasa tutajuaje kama bado inafika mwisho, na mimi masikio yangu yanachagua ya kusikia? Nikaagiza kiazi cha kuchemsha kwa mama ntilie, nikamwambia Yona akifunge kwa uzi juu ya ekseli, chini ya chesisi. Akaniangalia kama anayemwangalia mlevi, akakifunga. Tukaenda tutani na mzigo wote, tukarudi. Kimekuwa chapati. Tukashusha magunia, tukafunga kingine, tukaenda tena. Kikarudi kimebonyea juu kidogo, katikati kizima. Hakuna aliyebisha. Magunia tukampa dereva wa lori la mbao aliyekuwa anaelekea Iringa, na dada yake Yona aliyeko sokoni Iringa akatupokelea.

Jioni tukapanda kilima cha kuingia Iringa, tukalala. Asubuhi viazi na mchele vikatangulia na gari la abiria, sisi tukafuata tukiwa watupu kama watu waliofukuzwa. Barabara ya vumbi ina makunyanzi, ukiongea sauti inatetemeka. Lakini nyundo haikusikika, isipokuwa kwenye korongo moja kabla ya kijiji. Pale, ko, moja, ya mbali.

Idodi. Dada akatoka na fimbo yake.  Alikuwa amepungua, bega moja limeshuka. Akaishika mikono yangu, kisha akaitazama gari.

"Ambakisye, hii mbona imechuchumaa? Inaumwa tumbo?"

Mashemeji wakatupokea vizuri, salamu za kamwene nyingi, na ulanzi, pombe ya mianzi, ile tamu ya mwanzo. Shida ikaja siku ya kuondoka. Shemeji Vitus, kaka wa marehemu, akaamka na vijana wake wakaanza kupakia: mahindi, vitunguu, karanga. Nikamwomba apunguze. Uso ukambadilika.

"Umechukua mjane wetu. Sasa unakataa na chakula chetu? Watasema Vitus alimtoa shemeji yake kama mbwa."

Na alikuwa na haki. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo, na kwa ukali zaidi. Nikamweleza habari za ekseli, akaona namzungusha. Dada ndiye aliyekata maneno, amekaa kwenye kigoda chake:

"Shemeji, usibishane na kaka yangu. Panda nyuma, kaa juu ya magunia yako, upelekwe korongoni na kurudi. Ukirudi useme mwenyewe."

Vitus akapanda kwa kiburi, kofia kichwani. Tuliosalia tukasikia ile ko kutoka pale pale nyumbani. Alirudi ameshika kiuno kwa mikono miwili, kofia hana.  Alilala kifudifudi juu ya bodi akaanza kuyasukuma magunia chini yeye mwenyewe. Halafu akamwambia Ambakisye, taratibu, bila hasira:

"Kijana, mama yako ana vyuma ndani. Na wewe unaona haya kutoa cha kwako?"

Ambakisye akaenda kuleta jeki. Akalala kwenye vumbi na shati lake jeupe, akafungua, akatoa chuma kimoja kila upande. Alipotaka kuendelea na cha pili, dada akapiga fimbo chini.

"Basi! Ukiinyanyua yote mimi nitapandaje? Mguu huu haupandi hata ngazi ya kanisa."

Tukatazamana. Ni kweli, hata basi la kutoka pale kwenda Iringa lina ngazi ambayo yeye asingeiweza hata abebwe. Ikabaki hapo: chini kwa miguu ya dada, juu kwa nyonga yake, na ule mpira wa Yona katikati. Vitus akafunga karanga kwenye kitambaa akanipa nipakate. Hizo sikukataa. Mahindi akasema atayafikisha kwa basi, na kweli yalifika.

Kurudi tulikwenda polepole. Mafinga dada aliuliza habari za watu waliokufa zamani, Makambako akalala. Nililiona kila tuta linavyokuja, nikawa nakanyaga breki isiyokuwepo upande wangu. Gari ilizama, ikashika, ikainuka. Hakuamka.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Nilidhani maumivu yanatoka kwenye barabara. Kumbe barabara ni ile ile kwa wote, tofauti ni nafasi uliyoiacha kati ya kubonyea na kugonga. Nilikuwa naijaza ile nafasi kwa ukarimu, Vitus naye hivyo hivyo, na mtoto kwa urembo wake. Hakuna aliyekuwa mbaya pale.

Soweto, jua la alasiri, majirani wametoka. Ambakisye akafungua mlango, nami nikazunguka kumshika mkono. Dada akauondoa mkono wangu.

"Niache," akasema, akakita fimbo ardhini, kisha mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama.